Kupanda na Kushuka kwa Mchezaji wa Tenisi wa Kulipwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji na Wazazi wa Uganda

Ukurasa huu ni wa kijana anayekaribia kumaliza tenisi ya vijana hapa Uganda na anataka kuingia ya kulipwa, na wa mzazi anayebeba gharama. Mengi yanayoonekana kama kushuka kwa kiwango huanza kwenye hesabu, yaani pointi, kalenda, viza na pesa. Ndiyo maana tumekaa sana hapo kabla ya kufika kwenye mwili na moyo.

Binti yetu ameshinda kila mashindano Kampala. Mbona hayumo kwenye orodha ya dunia?

Kwa sababu mashindano ya taifa hayatoi pointi za ATP (wanaume) wala WTA (wanawake). Ngazi ya kwanza inayotoa pointi hizo ni mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF: M15 na M25 kwa wanaume, na W15, W35, W50, W75 na W100 kwa wanawake. Kabla ya kuomba nafasi, mchezaji hujisajili ITF na kupata namba inayoitwa IPIN. Bila namba hiyo huwezi hata kuingiza jina.

Mwanaume anaingia kwenye orodha ya ATP akipata pointi moja tu. Kwa wanawake mlango ni mwembamba zaidi: lazima apate pointi katika mashindano matatu tofauti, au afikishe pointi 10 katika mashindano mamoja au zaidi. Kwa hiyo msichana anaweza kushinda mechi mbili nzuri mwezi wa tatu na jina lake lisionekane popote mpaka mwezi wa tisa. Hajasahaulika, kanuni ndiyo ilivyo.

M15 inagawa pointi hivi: bingwa 15, aliyefika fainali 8, nusu fainali 4, robo fainali 2, raundi ya pili 1. Ukifungwa raundi ya kwanza unarudi na sifuri.

Mchezaji anawezaje kushuka nafasi 70 wakati hajacheza vibaya?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa. Pointi huishi wiki 52. Ulizopata wiki fulani mwaka huu zinafutwa wiki hiyohiyo mwaka ujao, na zinazobaki ni zile utakazokuwa umepata mahali pengine. Wachezaji huita hali hiyo kutetea pointi, ingawa kwa kweli huzitetei. Zinaondoka hata ukicheza vizuri, na unachofanya ni kuweka nyingine mahali pake.

Mfano unaojulikana ni wa Emma Raducanu. Mwaka 2021 aliingia US Open kupitia mchujo (mechi za kuwania nafasi kwenye droo kuu), akashinda mechi 10 bila kupoteza seti hata moja na kuwa mchezaji wa kwanza kutoka mchujo kutwaa taji la Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa kuliko yote. Zile wiki tatu zilimpa pointi 2,040. Mwaka 2022 alifungwa raundi ya kwanza kwenye mashindano hayohayo. Pointi 2,040 zikatoka, zikaingia 10, naye akatoka nafasi ya 11 hadi ya 83 kwa siku moja. Mkono wake siku hiyo ulikuwa uleule wa wiki iliyotangulia.

Sasa tazama mchezaji wa Uganda anayekwenda Monastir, Tunisia, wiki tatu za mwezi Machi. Anashinda taji moja (15), anafika fainali moja (8) na nusu fainali moja (4). Jumla ni 27, na mwaka mzima ana furaha. Machi inayofuata amenyimwa viza, au ana mtihani, au amevunjika kidole. Pointi zote 27 zinaondoka ndani ya wiki tatu, pamoja na haki ya kuingia moja kwa moja kwenye droo kuu. Akirudi Mei anaanzia mchujo, anacheza mechi mbili au tatu za ziada kila wiki kabla ya kugusa pointi, anachoka, anaumia.

Dawa yake ni kutawanya. Panga safari mbili au tatu katika vipindi tofauti vya mwaka badala ya moja kubwa. Pia weka jedwali la kawaida kabisa, hata la daftari, lenye safu tatu: wiki, pointi zinazotoka, mashindano yatakayoziba. Mchezaji asiyejua ni pointi ngapi zinamtoka mwezi ujao hana mpango, ana matumaini tu.

Kwa nini watu wanataja sana nafasi ya 100 na ya 250?

Droo kuu ya Grand Slam ina wachezaji 128: takribani 104 huingia kwa nafasi zao duniani, 16 hutoka mchujo, na 8 hupewa waildikadi, yaani nafasi ya kualikwa. Ukiwa ndani ya 100 unaingia zote nne kila mwaka. Mwaka 2025, aliyefungwa raundi ya kwanza US Open alilipwa dola 110,000, na Wimbledon pauni 66,000. Aliyefungwa mechi ya kwanza ya mchujo wa US Open alipata dola 27,500. Mchujo hufikiwa na walio karibu na 230 au 250 hivi, kutegemea waliojitoa.

Kwa hiyo tofauti ya namba 95 na namba 115 kiuchezaji ni ndogo, pengine mipira michache katika taibreka (gemu ya kuamua seti). Kimapato ni kubwa mno. Mtu akishuka kutoka 95 hadi 130, mara nyingi jambo la kwanza analopoteza ni kocha wa kusafiri naye.

Tangu 2024 ATP ina mpango wa kuhakikisha kipato cha chini kwa wanaume. Mwaka huo wa kwanza viwango vilikuwa dola 300,000 kwa walio ndani ya 100, dola 150,000 kwa nafasi 101 hadi 175, na dola 75,000 kwa 176 hadi 250. Mapato ya zawadi yasipofika hapo, ATP inajaza pengo. Aliye wa 251 hayumo.

Chini zaidi, ITF ilipochambua takwimu za mwaka 2013 iliona kuwa mwanaume alihitaji kuwa karibu na nafasi ya 336 na mwanamke karibu na 253 ili mapato yalingane na gharama, tena bila kuhesabu malipo ya kocha. Bei za ndege na hoteli hazijashuka tangu hapo.

Wiki moja ya M15 inagharimu nini, na inarudisha nini?

Zawadi zote za M15 ni dola 15,000, zikigawanywa kwa wachezaji wote wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Kwa miaka mingi mgawanyo umekuwa hivi kwa mmoja mmoja: bingwa dola 2,160, fainali 1,272, nusu fainali 752, robo fainali 438, raundi ya pili 258, na raundi ya kwanza 156. Hiyo 156 ni kama shilingi laki tano na nusu za Uganda, kabla ya kodi.

Weka makadirio ya safari ya wiki tatu: tiketi kutoka Entebbe kwa kuunganisha ndege, tuseme dola 800, chumba na chakula dola 60 kwa siku kwa siku 22, yaani 1,320, nyuzi, ada za kushiriki, usafiri wa huko na bima, 300. Jumla ni 2,420. Mchezaji akifika robo fainali wiki zote tatu, jambo ambalo si dogo, anapata dola 1,314 na pointi 6. Amecheza vizuri na amepoteza zaidi ya dola elfu moja.

Ndiyo maana tunashauri vitu vitatu. Chumba kigawanywe na mchezaji mwingine. Nafasi ya kucheza wawili wawili isiachwe kamwe, hata kama mwenzako mmekutana asubuhi hiyo. Na safari ziwe za wiki tatu au nne mahali pamoja (Monastir, Sharm El Sheikh na Antalya zina mashindano mfululizo) ili tiketi moja igawanywe kwa wiki nyingi. Ushauri huu wa tatu unagongana na ule wa kutawanya pointi, tunajua. Wiki tatu ndizo wastani unaovumilika, mara mbili au tatu kwa mwaka. Safari ya wiki sita ukiwa peke yako hukushusha mchezo kuanzia wiki ya nne.

Viza inaharibuje kalenda, na tufanyeje?

Mwisho wa kuomba nafasi ITF ni Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano. Mwisho wa kujitoa bila adhabu ni Jumanne, siku 13 kabla. Viza ya Schengen (ya nchi nyingi za Ulaya) kwa kawaida huchukua siku 15 tangu ombi lipokewe, na ikibidi uchunguzi zaidi inaweza kufika siku 45. Ukisubiri uone jina lako kwenye orodha ndipo uombe viza, umeshachelewa. Siku ya miadi peke yake inaweza kula wiki.

Kwa hiyo usiombe viza ya mashindano mamoja. Ombi linaweza kupelekwa mpaka miezi sita kabla ya safari. Chagua nchi moja yenye mashindano matatu au manne yanayofuatana, uombe viza ya kuingia mara nyingi, na uambatanishe:

- barua ya Uganda Tennis Association inayotaja majina na tarehe za mashindano;
- karatasi rasmi ya taarifa ya kila shindano, inayopatikana ITF;
- nakala ya matokeo yako na namba ya IPIN;
- taarifa ya benki ya anayelipa, na barua yake ikiwa si wewe;
- bima ya safari ya angalau euro 30,000.

Ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi ukinyimwa. Kosa linaloonekana sana ni akaunti iliyojazwa pesa nyingi wiki moja kabla ya miadi. Afisa anaiona mara moja. Afadhali salio dogo lenye miezi mingi ya kuingia na kutoka.

Kadi ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti muda wote. Nchi nyingi humuuliza anayetoka Uganda, na kurudishwa kaunta ya ndege kwa karatasi hiyo kunauma kuliko kufungwa sita-sifuri.

Nairobi na Kigali hazitoshi?

Ni mwanzo mzuri, kwa sababu hakuna viza na basi linafika. Tangu 2024 Kigali imekuwa na mashindano ya Challenger, ngazi iliyo juu ya M25. Hapo mchezaji wa kanda hii hupata nafasi adimu ya kuona kiwango cha 150 au 200 kwa macho yake, iwe kwa waildikadi, kwa mchujo, au hata kwa kupiga mipira ya mazoezi na waliokuja. Usidharau hilo la mwisho. Wanaosafiri bila kocha wanatafuta mtu wa kupasha naye kila asubuhi.

Kitu kimoja cha kujiandaa nacho ni mwinuko. Kampala iko karibu mita 1,200, Kigali zaidi ya 1,500, Nairobi karibu 1,700. Hewa ikiwa nyepesi mpira haupati ukinzani wa kutosha: unakwenda mbali, mzunguko hauushiki vizuri, na unadunda juu. Kuna mipira maalumu ya maeneo yaliyo juu ya mita 1,219, lakini si kila klabu inayo. Kaza nyuzi paundi moja hadi mbili zaidi ya unavyokaza Kampala, ufike siku tatu mapema, na usilaumu forihendi yako kwa mipira inayotoka siku ya kwanza.

Anayekulia mwinuko huu ana tatizo la pili akishuka pwani ya Tunisia. Sevu iliyokuwa silaha Nairobi inakuwa mpira wa kawaida, na mechi zinakuwa ndefu. Wengi wanadhani wameshuka kiwango. Hewa ndiyo imebadilika.

Ukienda kwa basi la usiku, usipange kucheza siku unayoshuka. Miguu imevimba, nyonga zimekaza, na misuli ya paja huchanika katika mechi kama hizo.

Nyuzi zibadilishwe mara ngapi?

Nyuzi za poliesta hufa kabla ya kukatika. Baada ya saa sita hadi kumi za mchezo mzito zinakuwa zimelegea na hazirudi tena mahali pake zikivutwa. Dalili ni mipira inayopita mstari wa nyuma bila sababu, na maumivu ya nje ya kiwiko. Raketi moja inakula takribani mita 12, kwa hiyo roli ya mita 200 inatosha raketi 16, na bei yake kwa raketi ni nafuu sana kuliko pakiti. Nenda na raketi tatu zilizofungwa sawasawa. Usiziache ndani ya gari juani, kwa kuwa joto hulegeza nyuzi hata kama hujacheza.

Majeraha gani hurudisha wachezaji nyuma zaidi?

Kwa vijana wa miaka 14 hadi 18, mgongo wa chini. Ufa wa uchovu kwenye mfupa wa uti wa mgongo hutokana na kupinda nyuma na kuzunguka wakati wa sevu, mara elfu nyingi. Maumivu huwa upande mmoja na huongezeka mtoto akijipinda nyuma. Eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe kitu, na familia ikaambiwa ni misuli. Maumivu yakipita wiki mbili au tatu, omba MRI. Ufa ukigunduliwa mapema, mapumziko ya miezi mitatu hivi mara nyingi hutosha. Mtoto akiendelea kucheza nao, anapoteza mwaka.

Kwa watu wazima ni bega, kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo, nyonga na goti. Kano ya mbele ya goti ikikatika na kufanyiwa upasuaji, hesabu miezi tisa hadi 12 kabla ya mechi.

Kurudi kwenye sevu kufanywe kwa idadi, wala si kwa "nitaona ninavyojisikia". Anza na sevu 20 kwa nusu ya nguvu, siku moja ya kupumzika katikati, ongeza 10 kila zamu isiyo na maumivu siku inayofuata, na usiongeze idadi na nguvu katika zamu moja. Ukifika 60, ndipo uongeze nguvu.

Nafasi yangu inalindwa nikiumia?

Kwa wanaume, ATP hutoa nafasi iliyolindwa kwa aliyekaa nje angalau miezi sita. Huhesabiwa kwa wastani wa nafasi zake katika miezi mitatu ya kwanza ya jeraha, na inatumika kuingilia mashindano tisa, au 12 kama alikaa nje zaidi ya mwaka. Inakupa mlango tu. Pointi haikurudishii.

Ndiyo sababu wengi hupanda kidogo kisha huanguka. Wanatumia tiketi zote tisa kwenye mashindano makubwa wakiwa hawajapata miguu ya mechi, wanafungwa raundi ya kwanza mara tisa, na tiketi zinaisha. Cheza kwanza wiki tatu au nne za ngazi ya chini bila kuitumia.

Andy Murray alikuwa namba moja Novemba 2016. Nyonga ikamshusha mpaka nafasi ya 839 Julai 2018. Januari 2019 akawekewa chuma kwenye nyonga, na Oktoba mwaka huohuo akashinda taji la Antwerp. Alicheza mpaka Olimpiki ya Paris 2024, lakini nafasi zake za zamani za juu hazikurudi. Dominic Thiem alishinda US Open 2020, akaumia kifundo cha mkono Juni 2021, akashuka chini ya 350, na akastaafu Oktoba 2024. Jeraha lake la kifundo lilionekana dogo kuliko la nyonga ya Murray, ila mchezo wake wote ulikuwa umejengwa juu ya kifundo hicho.

Na mchezaji akipata mtoto?

WTA ina nafasi maalumu kwa mama, ambayo anaweza kuitumia mpaka miaka mitatu baada ya kujifungua. Tangu 2025 pia kuna mfuko wa likizo ya uzazi yenye malipo hadi miezi 12 kwa wanaotimiza masharti ya mashindano waliyocheza. Aliye ngazi ya W15 huenda asiyafikie masharti hayo, kwa hiyo asome kanuni kabla hajapanga bajeti.

Amefungwa raundi ya kwanza wiki nane mfululizo. Tubadilishe kocha?

Angalia kwanza amefungwa na nani na wapi. Kama ni wiki nane za M25 na wapinzani wote walikuwa wa mbele yake, tatizo ni ratiba. Mchezaji anahitaji kushinda takribani nusu ya mechi zake ili ajue afanye nini gemu ikiwa sare. Mshushe ngazi moja kwa mwezi.

Andre Agassi, bingwa wa Grand Slam, alikuwa nafasi ya 141 Novemba 1997. Hakusubiri waildikadi za heshima. Alishuka akacheza mashindano ya Challenger, na mwaka 1999 alishinda French Open na kurudi namba moja. Wachezaji wetu wengi wanaona aibu kushuka kutoka M25 kwenda M15, na aibu hiyo inawala pointi.

Kama amefungwa na watu wa kiwango chake, rekodi mechi mbili kwa simu iliyofungwa kwenye uzio nyuma ya mstari, juu kidogo ya kichwa. Hesabu vitu vitatu: asilimia ya sevu ya kwanza iliyoingia, mara alizokosa sevu zote mbili, na mipira aliyoitoa mwenyewe ndani ya mapigo manne ya mwanzo. Mara nyingi jibu liko kwenye sevu ya pili.

Na kama hataki kuamka kwenda uwanjani, hilo ni jambo jingine. Amanda Anisimova alisimama Mei 2023 kwa sababu ya afya ya akili na uchovu, akarudi Januari 2024 akiwa nje ya 400. Mwaka 2025 alifika fainali ya Wimbledon, akafungwa 6–0, 6–0 na Iga Świątek, na wiki chache baadaye akamfunga Świątek huyohuyo robo fainali ya US Open na kufika fainali. Kusimama miezi kama minane kulimrefushia safari ya uchezaji.

Kuna umri ambao ukipita umechelewa?

Haraka ina gharama yake. Jennifer Capriati aliingia tenisi ya kulipwa mwaka 1990 akiwa na miaka 13, akafika nusu fainali ya French Open akiwa na 14, akashinda dhahabu ya Olimpiki Barcelona 1992, kisha akatoweka kwa muda mrefu. Alirudi na kushinda Australian Open 2001 na kuwa namba moja. Kisa chake ni sehemu ya sababu WTA iliweka kikomo cha mashindano kwa wasichana wenye umri chini ya miaka 18, kikomo kinacholegezwa kadiri umri unavyopanda.

Upande wa pili yuko Ons Jabeur wa Tunisia. Alishinda French Open ya wasichana mwaka 2011, na taji lake la kwanza la WTA lilikuja 2021, Birmingham. Miaka kumi! Mwaka uliofuata alikuwa namba mbili duniani. Alipoteza fainali tatu za Grand Slam kati ya 2022 na 2023, na Julai 2025 alitangaza kupumzika. Mzazi anayemwona binti wa miaka 19 amekwama aitazame hiyo miaka kumi kabla ya kukata msaada.

Chuo cha Marekani ni kuacha ndoto?

Kwa mchezaji wa Uganda, tunaona ndiyo njia yenye akili zaidi, isipokuwa awe tayari anashinda M25. Anapata uwanja, kocha, mtaalamu wa viungo, mechi za ushindani na shahada, kwa gharama ya chuo. Angella Okutoyi wa Kenya alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, na Machi 2024 akatwaa dhahabu ya mmoja mmoja Michezo ya Afrika, Accra. Hakupotea.

Makocha wa vyuo huangalia UTR na WTN, mifumo miwili ya kimataifa ya kupima kiwango cha mchezaji, kwa hiyo mechi zako ziwe zimeingizwa huko. Video iwe ya dakika tano, isiyo na muziki, yenye pointi ulizoshinda na ulizopoteza. Anza kuandika barua pepe ukiwa S5. Kuhusu pesa za zawadi, kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zimekuwa zikibadilika. Usipokee kitu kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi, na utunze kila risiti.

Dawa za kawaida zinaweza kunifungia?

Ndiyo, na hapa Uganda hatari iko kliniki ya mtaa kuliko kwenye sindano za siri. Ukiwa na malaria au umechoka, wengi hukimbilia kukuwekea dripu. Dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa wakati wowote, isipokuwa ni sehemu halali ya matibabu ya hospitali, upasuaji au vipimo vya kitabibu. Sindano za steroidi za kupunguza uvimbe, kama deksamethasoni, zimekatazwa wakati wa mashindano. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini navyo vina kiwango chake. Mwambie daktari kabla, omba karatasi yenye jina la kemikali na kipimo, na kama dawa ni ya lazima omba kibali cha matumizi ya tiba. Mitishamba isiyo na lebo usiinywe kabisa, hata ikitoka kwa shangazi.

Simona Halep alifungiwa miaka minne. Mahakama ya michezo ikaipunguza hadi miezi tisa Machi 2024, lakini tayari alikuwa amekaa nje karibu mwaka mmoja na nusu, na Februari 2025 alistaafu. Kamil Majchrzak wa Poland alifungiwa miezi 13 kwa kirutubisho kilichochafuka, akarudi 2024 bila pointi hata moja, njia yake ikapita Kigali, na 2025 alifika raundi ya nne ya Wimbledon.

Ninabeti mpira wa miguu tu. Na tenisi kidogo. Kuna shida?

Tenisi hata shilingi mia haifai. Ukishakuwa na IPIN, umefungwa na kanuni za kupambana na rushwa katika tenisi. Huruhusiwi kubeti mechi yoyote ya tenisi popote duniani, kumpa mtu akaunti yako abeti, kumwambia rafiki kwamba mwenzako ana jeraha ili atumie habari hiyo, wala kuonekana kwenye tangazo linalohimiza watu kubeti tenisi. Mtu akikuahidi pesa upoteze seti, hata ukimkatalia, usiporipoti ITIA, shirika linalosimamia uadilifu katika tenisi, umekosa. Wanaofuatwa sana ni wa M15 na W15, kwa sababu wanaofuata wanajua hesabu ya dola 156. Piga picha ujumbe, usijibu, ripoti siku hiyohiyo.

Kuchezea Uganda kwenye Davis Cup kunaleta pointi?

Hapana. Pointi za ATP ziliondolewa huko tangu 2016. Nenda kwa nchi, na kwa mechi za ushindani.

Kodi?

Zawadi hukatwa kodi palepale, na Marekani kwa asiye mkazi kawaida ni asilimia 30. Omba stakabadhi ya makato kabla hujaondoka, kwa sababu bila hiyo ni vigumu kudai yasikatwe tena nyumbani.

Aache lini?

Kipimo chetu ni hiki: misimu miwili kamili bila jeraha kubwa, angalau mashindano 18 kila mmoja, na bado anashinda chini ya nusu ya mechi za M15 au W15. Hapo pesa ya msimu wa tatu ifanye kazi nyingine: kozi ya ukocha ya ITF kuanzia ngazi ya kwanza, mafunzo ya uamuzi, au kazi ya kupiga mipira na wanaojiandaa. Klabu za Kampala zinatafuta makocha waliocheza nje.

Kustaafu rasmi ni karatasi, na inafaa kufikiriwa. Aliyekuwa kwenye kundi la wanaopimwa dawa akitangaza kustaafu, hawezi kurudi kucheza mpaka atoe taarifa ya maandishi miezi sita kabla na awe tayari kupimwa muda huo wote. Kama hujaamua, usijaze fomu. Acha tu kuomba nafasi, na kama umo kwenye kundi hilo la wanaopimwa, uendelee kusasisha taarifa za mahali unapopatikana.